Mgonjwa Kidogo, Usiharakishe

Kisii, 8 Februari 1999

Dada Mokeira,

Sikuulizi kama hujambo. Ukiulizwa hujambo unajibu sijambo hata ukiwa na jipu mgongoni, nakujua. Kwa hiyo naanza na yangu.

Kompyuta zimekuja dukani kwetu. Neel, mtoto wa shangazi yangu, amezileta kutoka Nairobi na kuzipanga pale pale ulipokuwa unakaa, juu ya meza yako ya simu. Siku hizi mtu akitaka kumwandikia ndugu yake Amerika anakuja kwangu, naipiga barua kwenye mashine, nayo inafika kabla mwenyewe hajamaliza kushuka ngazi za barazani. Inaitwa imeli. Ikitaka kuondoka, mashine inapiga kelele kwenye waya wa simu kama paka aliyebanwa mlangoni. Na wakati huo huo simu zinalia, faksi inatema karatasi, foleni imefika barabarani, na kila mtu anasema yeye ndiye mwenye haraka. Baba yuko kule nyuma kwenye kiti chake na redio za watu alizopewa kutengeneza. Hatengenezi. Anashika bisibisi na kuwaangalia wateja.

Wateja wenyewe wanakuulizia wewe. "Yule mama wa simu yuko wapi?" Mimi naambiwa naongea mbio. Mama mmoja wa Nyakoe amekataa katakata kupokea ujumbe wake kwangu, ati atangoja Mokeira arudi. Fikiria! Ujumbe upo, mimi nipo, yeye anangoja.

Rudi basi. Ulisema unakwenda kwenu kupumzika kidogo, na huko kupumzika kumepita Krismasi. Huna simu, redio umegawa, hata barua mpaka ipitie sanduku la kanisa. Ni mtu gani anaishi hivyo mwaka huu?

Mdogo wako anayekosa usingizi,
Geeta


Nyaramba, 20 Februari 1999

Geeta,

Barua yako nimepewa leo, Sabato, baada ya ibada. Karani wa kanisa hupitia sanduku mara moja kwa wiki na kutugawia mlangoni. Kwa hiyo usiningojee upesi.

Nakaa vizuri. Asubuhi nachuma chai yangu, naipeleka kituoni inakopimwa, narudi. Nachota maji. Napika ugali na mboga ya chinsaga. Jioni nakaa kwenye kigoda nje na sifikirii kitu. Redio nilimpa Bitutu, mke wa kaka yangu, ambaye tumepakana ua. Huiwasha mchana kusikiliza matangazo ya vifo, na saa hiyo mimi huenda mtoni hata kama maji yamo ndani.

Watu wa hapa wanasema nimepata amani. Mchungaji alinitaja kanisani, kwamba mwoneni Mokeira, ameyaacha makelele ya dunia. Sijui. Juzi mwewe alichukua kuku wangu wa mayai. Bitutu alipiga mayowe na kurusha mawe. Mimi niliwaangalia wote wawili, mwewe na Bitutu, kisha nikaingia ndani kuchambua mboga. Kama hiyo ndiyo amani, ninayo.

Unaniuliza kwa nini sirudi. Ile wiki ya Agosti, bomu lilipolipuka Nairobi, wewe ulikuwa India kwenye harusi, hukuona. Habari za watu wetu zote zilipita mkononi mwangu. Mama anapanda zile ngazi za barazani kwenu kuja kuuliza habari za mtoto wake, na ananitazama usoni kabla sijafungua mdomo. Akitoka huyo anaingia mwingine. Mzee, baba yako, alikuwa ananiletea chai, inapoa, anaimwaga, ananiletea nyingine. Kufikia mwisho wa wiki midomo ndiyo ilikuwa inasema, mimi sikuwepo. Tangu hapo sijalia, na kucheka pia ni kama nimesahau. Simu ikilia miguu inakufa ganzi mpaka kiunoni.

Huku hakuna simu. Inanitosha. Mwambie Mzee avae sweta.

Mokeira


Kisii, 10 Machi 1999

Dada,

Naandika mbiombio, simu nimeibana begani na mtu wa faksi ananikodolea macho. Baba mgonjwa kidogo. Anakuulizia kila siku. Njoo ukipata nafasi, lakini usiharakishe, najua chai imekubana. Mengine nitakuandikia nikipata kukaa chini. Mashine imekatika tena, Neel anaita!

Geeta


Nyaramba, 20 Machi 1999

Geeta mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Nimesoma nikiwa nimesimama mlangoni pa kanisa, na sikuhitaji kurudia.

Mimi ndiye niliyekufundisha maneno hayo. Mtu akiwa bado yu hai tunamwambia ndugu yake, "Kimbia, amezidiwa." Akishakufa tunasema, "Ni mgonjwa kidogo, usiharakishe," ili ndugu afike kwao kwa miguu yake mwenyewe na aambiwe na watu wake, si na simu. Miaka yote niliyokaa kwenye kile kiti nimesema hivyo, na hakuna aliyewahi kuniuliza nina maana gani. Mji mzima unajua. Kwa hiyo umenisitiri kama tulivyokuwa tunawasitiri wateja. Asante.

Najua ninyi hamlazi maiti. Mtakuwa mlimpeleka Kisumu siku ile ile, na mimi napata habari leo. Ndiyo maana sikupanda gari. Ningefika kufanya nini? Sisi tungekaa naye wiki nzima, tukalia mpaka koo likakauka. Kwenu ni moto, na basi.

Nataka ujue baba yako alivyonipokea. Nilikuja mjini nimeachika, viatu vya kuazima, na simu sijawahi kuishika. Kengele ilipolia niliruka. Akanikalisha, akaingia chumba cha pili, akanipigia kutoka huko. Nikapokea kwa mikono miwili. Akasema, "Hapa ni mbinguni, nipe Mokeira." Nilicheka mpaka mafundi wake wa redio wakaja kuchungulia. Hofu ikaisha siku hiyo hiyo. Alikuwa mkali kwa mafundi na mchoyo wa sukari, na hakuwahi kunipandishia sauti hata mara moja. Hakuna mwanamume mwingine ninayeweza kumsema hivyo, hata aliyenizaa.

Sijalia, Geeta. Nimekaa kwenye kigoda nikingoja kulia kama mtu anavyongoja chafya. Haikuja. Nisamehe. Yule mzee alistahili kuliliwa.

Mokeira


Kisii, 26 Machi 1999

Mokeira binti yangu,

Mimi marehemu Chandulal nakuandikia kwa mkono wangu.

Geeta alifungua barua yako dukani nikasikia anapiga ukelele. Nikafikiri umekufa wewe. Kumbe ni mimi! Nimeisoma mara ya kwanza nikacheka mpaka tumbo likauma, na tumbo lenyewe ni bovu. Mara ya pili sikucheka. Watu wengi wanakufa bila kujua watasemwa nini. Mimi nimesikia yote na sijalipa hata kuni. Lakini mambo ya uchoyo wa sukari ni uongo. Nilificha sukari kwa sababu ya mafundi.

Sasa nisikilize. Geeta aliandika "kidogo" kwa sababu yeye anaogopa kuandika kubwa, na "usiharakishe" kwa sababu anakuheshimu. Hakukumbuka ile lugha yenu ya simu. Iko ugonjwa, na si kidogo. Ni ini. Daktari wa Kisumu alipiga picha, halafu akaniangalia kama wewe ulivyokuwa unaangalia wale akina mama. Kwa hiyo mimi nakuambia neno lenyewe la kazi yetu: kimbia.

Hapa kwangu kila mtu ananipenda na hakuna anayekaa. Geeta analeta dawa, simu inalia, anashuka. Neel anakuja kunisalimia macho yakiwa mlangoni, mashine yake inamwita. Kijana wangu Jay anapiga kutoka ng'ambo, Leicester, tunapigiana kelele, umekula, nimekula, baridi ipo, ipo, imekatika. Nataka mtu mmoja akae kwenye kiti hapa karibu yangu. Asifanye kitu. Wewe unajua kukaa.

Kulia si lazima. Hapa wanalia nyuma ya mlango, nasikia, inanichosha.

Chandulal (bado)


Nyaramba, 5 Aprili 1999

Mzee wangu,

Barua yako nimeipata juzi, Sabato. Nilipoona mwandiko wako nilikaa chini pale pale, watu wakafikiri nimeanguka.

Jana nilivaa nikaondoka. Nilifika Keroka. Tulishuka kubadilisha gari, na kwenye duka moja pale stejini simu ikaanza kulia. Ililia na mwenye duka hayupo. Watu wanapita, wanauziana ndizi, malori yanapiga honi, na ile simu inalia. Nilitaka kuwaambia wapokee, huko ng'ambo kuna mtu ana mgonjwa wake. Kilichofuata nakumbuka niko kwenye gari linalorudi kwetu, upande wa Nyamira, na sikumbuki nililipandaje.

Nimeshindwa kuipita simu moja, na kwako ziko zaidi ya moja. Nakupenda kuliko nilivyompenda tata, baba aliyenizaa, na hata hili naliandika na mwili umelala, kama naandika habari za mtu mwingine. Sitafika, Tata. Nimejaribu.

Mokeira


Kisii, 9 Aprili 1999

Mokeira,

Leo sikuiti dada. Baba alisoma barua yako, akaikunja, akaiweka chini ya mto na kusema, "Basi." Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akisema basi.

Mchungaji wako anakusifu kwamba umeacha dunia. Hujaacha lolote! Umejificha, na gharama ya kujificha kwako tunalipa sisi. Nilidhani unapumzika, kumbe umejizika mwenyewe na bado unachuma chai. Mtu aliyetulia kweli angemtukana yule mwewe.

Nilifika hapo nikaacha kalamu nikapanda juu kumtazama. Alikuwa amelala mdomo wazi, amekonda, masikio yamebaki makubwa. Chini simu zilikuwa zinalia. Nilisimama mlangoni na kwa mara ya kwanza nikazisikia kama unavyozisikia wewe. Nisamehe hayo ya juu. Siyafuti, lakini nisamehe.

Nimeamua hivi. Jumatano tarehe kumi na nne duka halifunguliwi. Nitang'oa nyaya zote ukutani, za simu, za faksi, na za mashine za Neel. Amelalamika kwamba wateja watatukimbia, nimemwambia awafuate. Jay nitamtumia faksi Jumanne nimweleze hali ya Baba ilivyo, bila kupunguza. Yeye hupiga usiku akitoka kazini, na usiku nitakuwa nimezirudisha. Mchana wote utakuwa wako na wa Baba.

Barua hii haipiti kanisani. Anayekuletea ni Machogu wa gari la mkate. Jumatano asubuhi atakungoja hapo sokoni kwenu, na ameapa hatasimama Keroka hata kwa kuomba maji. Wewe panda tu. Njoo ukae. Nakuomba.

Geeta


Kisii, 30 Aprili 1999

Dada Mokeira,

Nyumba imebaki na mimi na Neel. Jay alikuja na amekwisha kurudi Leicester. Hakuwahi mazishi. Wazee wa jamii yetu walikataa kungoja, Neel ndiye aliyewasha moto badala ya mtoto mwenyewe. Hilo nalo lilimuuma Jay, lakini hasira yake si ya moto.

Faksi yangu aliikuta mezani kwake kazini asubuhi ya ile Jumatano, na hakungoja usiku. Alianza kupiga, kwetu ikiwa saa sita mchana. Akapiga tena. Aliomba ruhusa, akaenda nyumbani, akaendelea kupiga mpaka jioni. Anasema kule kwake ilikuwa inalia vizuri kabisa, kama simu ya nyumba ambayo watu wamekataa kupokea. Na sisi, wewe na mimi na Baba, tulikuwa tumekaa na nyaya ziko sakafuni. Baba alikwenda saa kumi.

Jay aliniuliza, "Nani alikata simu siku baba yangu anakufa?" Nikamwambia ni mimi. Jina lako sikulitaja. Alikaa hapa siku zote hizo ananipita kama kabati, na asubuhi ya kuondoka aliwaaga majirani, mimi hakuniaga.

Najuta, na sijutii, na yote mawili hayanichomi inavyopasa. Ile ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu Baba augue. Nilisikia saa ya ukutani ikigonga, sikujua kama huwa inagonga. Sasa simu nimezirudisha, zinalia, napokea, naongea, mtu anaondoka ameridhika na mimi sijui nimemwambia nini. Nadhani ile ganzi yako imenihamia.

Kitu kimoja. Niliposhuka jikoni kuchemsha maziwa niliwaacha ninyi wawili, na nilipopanda nilikuta amekwisha kwenda. Kama alitaja jina la Jay, mimi sikusikia, na siku ile sikukuuliza. Kama alilitaja, mwandikie Jay mwenyewe. Yangu hasomi. Anwani iko nyuma ya karatasi hii.

Geeta


Nyaramba, 9 Mei 1999

Jay,

Huenda umenisahau. Mimi ni Mokeira wa simu, niliyekuwa nakufichia biskuti ukitoka shule.

Simu zilikatwa kwa ajili yangu. Dada yako amekuficha hilo kwa kunihurumia. Mimi ndiye nisiyeweza kusikia simu ikilia, na baba yako alitaka nikae naye, ndipo Geeta akang'oa nyaya. Hakujua utapiga mchana. Ukitaka mtu wa kumkasirikia, anwani yangu unayo sasa, na barua yako nitaisoma yote.

Nilikaa naye tangu asubuhi. Niliyoyaona nakuandikia polepole, kwa sababu ni mali yako.

Aliomba nifungue dirisha. Chini kulikuwa na fundi anagonga bati. Baba yako akasikiliza, akasema, "Huyo anagonga vibaya." Tukakaa. Baadaye akasema, "Haya, sasa ameelewa." Aliniomba nimkune mgongo, chini ya bega la kushoto, nikamkuna, akawa anasema hapo, hapo, panda kidogo, hapo. Alishika mkono wangu akautazama, umeingia weusi wa chai, akasema, "Umekuwa mkulima." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi pia nilitaka kulima. Baba yangu akasema duka." Miaka yote niliyofanya kazi kwake sikulijua hilo. Labda na wewe hukulijua.

Geeta aliposhuka kuchemsha maziwa, alifungua macho akaniuliza, "Jay amepiga?"

Nilijua nyaya ziko sakafuni. Niliziona kwa macho yangu wakati naingia. Nikamwambia, "Amepiga, Mzee. Amepiga sana leo."

"Anasemaje?"

"Anasema anakuja."

"Sauti yake ikoje?"

Nikasema, "Nzuri. Iko karibu, kama yuko hapo chini dukani."

Akasema, "Aa," akafumba macho. Akawa anapumua polepole, na mimi nimeshika mkono wake. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Sikujua ipi ilikuwa pumzi ya mwisho. Nilijua Geeta alipoingia na maziwa.

Nilirudi huku na uongo huo tumboni. Kila siku nachuma chai najiambia, yule mzee aliniamini, na neno la mwisho alilolisikia duniani ni uongo wangu. Sikumweleza mtu. Hata uongo wenyewe haukuniuma, ulikaa tu pale kama jiwe.

Jana wamenipa barua ya Geeta mlangoni pa kanisa. Nikasoma kwamba ulipiga tangu saa sita mpaka jioni, bila kuacha. Nililia, Jay. Nililia kwa sauti mbele ya mchungaji na watu wote wametoka ibadani, nikalia mpaka Bitutu akanishika kiuno, na bado naandika hapa nafuta karatasi. Sikuwa nimelia tangu mwaka jana.

Baba yako aliuliza kama umepiga, nikamwambia umepiga. Na saa ile ile ulikuwa unapiga.

Mokeira